Kaimu Simba

Nchi yenyewe siitaji. Ukiijua, nyamaza, watoto wako wapate kusoma. Usipoijua, shukuru Mungu wako usikilize tu. Ilikuwa nchi njema, yenye milima, mito na mawaziri wa kutosha, na ilikuwa na sheria moja iliyopendwa kuliko zote: cheo cha serikali hakikai kitupu. Mwenye cheo akifa, akistaafu au akitoroka, kabla kiti hakijapoa anawekwa wa kukaimu. Kama kazi anaiweza au haiwezi, hayo ni maswali ya watu wasio na shughuli. Fundi wa mabomba alikaimu uganga mkuu wa meno mpaka wananchi wakamzoea. Walisema ana mkono mzito, lakini hakawii.

Katika mkoa mmoja wa nchi hiyo palikuwa na bustani ya wanyama, na mtunza wanyama wake alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Ngwali. Ngwali alikuwa na punda jike, Chausiku. Kwa haki alikuwa punda wa serikali, lakini nani mwingine aliyemtaka? Chausiku hakuwa mnyama wa kutazamwa. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkokoteni wa maji kutoka mtoni ili wanyama wa kutazamwa wapate kunywa. Njiani Ngwali alimsimulia habari zote za nyumbani, hata zile ambazo mkewe, Bi Mize, alimkataza kuzitoa nje. Bi Mize akikasirika humwita Chausiku "mke mwenzangu mwenye masikio marefu", na Ngwali hacheki, maana aliona kuna ukweli ndani yake.

Basi siku moja simba wa bustani akafa. Hakuuawa na mtu. Alikuwa mzee, alilala asiamke. Ngwali akaenda mbio kumwarifu Mkurugenzi wa bustani, Bwana Hamduni, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye hakupata kumkaribia mnyama yeyote ila aliyekwisha pikwa.

"Inna lillahi," akasema Mkurugenzi. "Nani anakaimu?"

"Anakaimu nini, Mheshimiwa?"

"Usimba, Mzee Ngwali! Unataka nikae na kiti kitupu, halafu kesho waje wakaguzi wanione mimi ndiye mzembe?"

Kikao cha dharura kikaitishwa, na chai yake na sambusa zake. Jina la fisi lilitajwa kwanza, maana yeye angalau anakula nyama, lakini likafutwa: fisi alikuwa na kesi ya nidhamu, alicheka katikati ya hotuba ya mgeni wa serikali. Nyani alionekana mwerevu, na werevu ukiwa juu huzaa maswali. Mamba hakai ofisini. Wakateremka, wakateremka, mpaka wakamfikia Chausiku. Hajawahi kuchelewa kazini. Hajawahi kuomba ruhusa. Wakubwa wakisema, yeye husikiliza kwa masikio yote mawili.

"Huyu ndiye," akasema Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, huyo ni punda," akasema Ngwali.

"Alikuwa," akasema Mkurugenzi, akachukua sambusa ya mwisho.

Mchana huohuo Chausiku akahamia kizimba cha simba. Kibao kilekile kikabaki, chenye SIMBA kwa herufi kubwa, na juu yake kikagongewa kipande cha bati kilichoandikwa "Kaimu" kwa herufi ambazo ilibidi uinamie kuzisoma. Nyama ya simba iliendelea kuja kila asubuhi, maana fungu lile lilikuwa la cheo, si la mwenye cheo. Chausiku hakuigusa. Ili isiharibike ikawa inapelekwa nyumbani kwa Mkurugenzi, naye akaipokea kwa moyo wa kujitolea. Mkokoteni wa maji nao ukakosa wa kuuvuta. Lakini punda hakuwa na cheo, alikuwa na kazi tu, na kazi katika nchi ile iliruhusiwa kukaa wazi hata mwaka. Maji akawa anayabeba Ngwali kichwani.

Hakulalamika. Tena, kusema kweli, alifurahi. Chausiku alinenepa, kidonda cha kamba begani kikapona, manyoya yakang'aa. Ngwali alisimama nje ya kizimba akamtazama anavyotafuna majani yake kwa raha, akasema moyoni, ewe Mola, kumbe vyeo vina faida.

Watu waliokuja siku za mwanzo walicheka. Mlinzi akawauliza majina yao na wanakofanya kazi, wakaacha kucheka. Kisha walizoea, maana binadamu huzoea, si kuku wala mbuzi anayemshinda. Mwalimu Tumu wa shule ya msingi ya mkoa alikuwa akileta wanafunzi wake kila muhula.

"Mwalimu, mbona simba ana kwato?" aliuliza mmoja.

"Hali ya hewa ya mkoa wetu," alijibu Mwalimu Tumu bila kupepesa. Alikuwa na mtihani wa kuwafundishia na familia ya kulisha.

Baada ya muda wizara ikatoa kitabu kipya cha darasa la pili, na simba wa pichani alikuwa Chausiku, kapigwa picha kwa ubavu. Akina mama wakawa wanawatisha watoto: "Nyamaza, nitakupeleka kwa simba!" Mtoto ananyamaza, kisha anauliza wataondoka saa ngapi.

Sasa, jambo ambalo kikao hakikuliuliza ni kwamba Chausiku alikuwa na mimba. Jirani na mto alikuwapo muuza mkaa mwenye punda dume, na mkokoteni wa maji ulipita pale kila siku. Zaidi ya hapo sisemi, kuna watoto wanaosikiliza. Asubuhi moja Ngwali akakuta ndani ya kizimba mtoto mbichi, miguu yote minne inagombana, masikio yamemzidi mwili. Ngwali alilia. Akavua fulana yake akamfutia mtoto, akamwambia Chausiku hongera mama, umetutoa kimasomaso, kisha akaenda ofisini na kifua wazi.

"Mheshimiwa, Chausiku kazaa!"

Mkurugenzi akaweka chini mfupa aliokuwa akiuguguna. "Kazaa nini?"

"Mtoto."

"Mtoto wa nini?"

Ngwali akafikiri. Mkurugenzi naye akafikiri. Wakatazamana.

"Tuandike mtoto," akasema Mkurugenzi.

Habari ikapanda ngazi. Ofisi ya mkoa iliona neno "mtoto" peke yake linaonyesha uvivu, ikaongeza "wa simba". Ofisi ya kanda ikaongeza "mwenye afya tele". Ilipofika makao makuu, simba wa kwanza kuzaliwa katika bustani ya serikali tangu uhuru alikuwa amezaliwa mkoani kwa juhudi na maarifa. Waziri wa Wanyama na Shangwe akazungumza redioni jioni ile, sauti ikimtetemeka kwa uchungu wa nchi yake. Alisema mkoa uliozaa lazima uwezeshwe kuzaa zaidi. Kwa hiyo, akasema, kutoka bustani kuu ya makao makuu atahamishwa simba dume, simba hasa, mwenye shingo ya manyoya, aje awe mume wa Kaimu Simba. Waziri mwenyewe atasimamia harusi.

Ngwali alikuwa nyumbani anakula ugali na mchicha. Tonge lilimponyoka.

"Baba Hidaya, vipi?" akauliza Bi Mize.

"Wanampeleka Chausiku akaliwe na simba."

Bi Mize, ambaye miaka yote alikuwa akimtania mke mwenzake, akaacha kula. Halafu akasema, "Na yule mtoto?"

"Na yule mtoto."

"Nenda kawaambie basi! Una mdomo wa kulia tu?"

Akaenda. Alimkuta Mkurugenzi anapimwa suti.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote. Yule simba atamla."

"Nani atamla nani?"

"Simba atamla punda."

"Punda yupi?" Mkurugenzi akageuka, pini zikamchoma fundi. "Bustani hii haina punda, Mzee Ngwali. Tunaye simba jike na mtoto wake. Umeona wapi simba akamla simba mwenzake? Au unataka kusema tulipeleka uongo kwa Waziri? Sema, nikusikie."

Ngwali akatoka. Katika nchi ile, aliyepeleka uongo kwa Waziri hakuadhibiwa kamwe. Aliyeadhibiwa ni yule aliyeugundua.

Akajaribu njia ya mlango wa nyuma. Akaomba Chausiku apewe likizo ya uzazi, akapumzike kijijini kwao na mwanawe. Akajibiwa kwamba likizo ya uzazi ni haki ya waliothibitishwa kazini, na huyu anakaimu. Akaomba basi avuliwe ukaimu, kwamba umri umekwenda. Akajibiwa kwamba kumvua cheo mzazi ni ukatili, serikali ina huruma. Kila alikogonga alifunguliwa kwa tabasamu, akafungiwa kwa tabasamu lilelile. Siku ya harusi ikawa inakuja, na Ngwali alikonda hata kanzu ikamvaa badala ya yeye kuivaa.

Maboresho nayo yakaanza. Vyuma vya kizimba vikapakwa rangi ya dhahabu. Kizimba chenyewe kikagawanywa kwa mlango wa chuma wa kuteremka na kupanda, unaoendeshwa kwa mnyororo: upande wa nyuma wa bibi arusi, upande wa mbele wa bwana arusi. Mnyororo ukapimwa na wataalamu, kisha akakabidhiwa Ngwali, maana bwana mkubwa hawezi kuchafua mikono.

Siku ikafika. Ilipigwa ngoma, zikapigwa tarumbeta, kina mama wakavaa khanga za sare zenye picha ya maharusi: huku uso wa simba dume, huku uso wa Chausiku, na chini maneno MAPENZI HAYACHAGUI. Bi Mize alikuwa amevaa yake, na macho yake mekundu. Mkurugenzi alikaa meza ya mbele pamoja na Waziri, katika suti mpya. Chausiku alikuwa amevishwa shada la maua shingoni. Mtoto wake alikuwa chini ya tumbo lake ananyonya. Chausiku alipomwona Ngwali akainua kichwa, akalia kile kilio chake cha kuomba pumba. Watu wakapiga makofi. "Ananguruma!" walisema.

Wanafunzi wa Mwalimu Tumu wakapanga mistari, wakatoa ngonjera waliyoihifadhi kutoka kitabuni.

"Simba ni mnyama gani?"

"Simba ni mnyama mpole!"

"Masikio yake?"

"Marefu!"

"Chakula chake?"

"Majani na pumba!"

"Anasaidia nini taifa?"

"Anasikiliza!"

Mheshimiwa Waziri alifuta chozi, akasimama. "Ndugu wananchi," akasema. "Wako waliosema hatuwezi kuzalisha simba wetu wenyewe. Wako wapi leo? Wengine wako hapa, wanaona aibu. Wengine wako ndani." Makofi. "Leo hatuunganishi wanyama wawili tu. Tunaunganisha mkoa na makao makuu, shingo ya manyoya na masikio marefu, jana na kesho. Nasema bwana arusi aletwe!"

Lori likarudi kinyumenyume, sanduku likabanwa kwenye kizimba, ubao ukavutwa. Akatoka simba.

Nisiwadanganye, alikuwa simba. Kichwa kama pipa, manyoya ya shingo meusi, nyayo zinatua chini bila sauti. Alikuwa amesafiri mchana kutwa bila kula. Akapeleka pua hewani, akageuza macho ya njano kwenye mlango wa chuma na kilichokuwa nyuma yake. Akafungua kinywa akanguruma, na viti vya safu ya mbele vikaanguka vyote pamoja na walioketi. Chausiku alirudi nyuma mpaka ukutani, akamsukuma mtoto nyuma yake kwa paja, akasimama hapo anatetemeka.

"Mzee Ngwali!" aliita Mkurugenzi kutoka chini ya meza. "Fungua mlango, maharusi waonane!"

Ngwali alishika mnyororo. Mikono ilikuwa yake, lakini haikumsikia. Alitaka kupiga kelele kwamba yule ni punda, jamani, ni punda, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha fika mdomoni. Akawaona walinzi. Akamwona Mkurugenzi. Akajua kwamba akilisema watamchukua yeye, kisha mwingine atakuja avute mnyororo, na Chausiku ataliwa palepale. Ukweli hautamwokoa.

Ndipo akasikia mtoto wa kike katika mistari ya wanafunzi anamuuliza mwalimu wake, kwa sauti ya kukata tamaa kabisa, "Mwalimu, mbona huyu hana masikio?"

"Na mbona anapiga kelele?" akauliza mwingine.

"Si mpole," wakasema wote.

Ngwali akauachia mnyororo kama uliopashwa moto. "Mheshimiwa Waziri!" akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Watoto wamesema kweli. Mimi ndiye mtunza simba wa mkoa huu. Simba namjua, namlisha kwa mkono wangu. Huyu si simba!"

Waziri alimtazama mnyama. Bila shaka aliona anachokiona. Lakini alikumbuka hotuba ya redio, akakumbuka kitabu cha darasa la pili chenye dibaji yake na picha yake. Na Mkurugenzi, akichomoka chini ya meza, alikumbuka kwamba simba wa kweli atakuwa anakula nyama ya kweli, kila asubuhi, yote.

"Si simba!" akapiga kelele Mkurugenzi. "Nilitaka kusema tangu mwanzo, nikazuiwa na adabu!"

"Afanyiwe mtihani," akasema Waziri kwa busara.

Wakamtupia fungu la majani. Simba akalinusa, akalikojolea.

"Hali majani!" wakasema watu, wamechukizwa. Wakamtupia Chausiku fungu jingine. Chausiku, aliyekuwa bado anatetemeka, alinusa, akauma kidogo, kisha, maana njaa ni njaa, akala lote. Watoto wakashangilia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja alisema kwa uchungu kwamba makao makuu yamewadharau mno, kuwaletea paka aliyevimba wakasema simba.

Waziri akanyoosha mkono. "Kwa mamlaka niliyopewa," akasema, "kuanzia leo Bibi Chausiku si kaimu tena. Namthibitisha kazini. Ni Simba kamili, wa kudumu, na mtoto wake atamrithi."

Kile kipande cha bati kiling'olewa palepale. Ngwali alikaa chini kwenye vumbi akalia kama mtoto. Bi Mize alimjia mbio akamshika mabega. "Umewaweza, Baba Hidaya! Wallahi umewaweza!" Na Ngwali alicheka huku analia, akasema amemwokoa, amewaokoa wote wawili, uongo wa siku moja tu na Mungu atamsamehe. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye.

Pilau ikapakuliwa. Wakubwa wakakaa mezani, na Waziri, akingojea sahani yake, akaelekeza kidole kizimbani.

"Na kile kinyama tunakifanyaje?"

"Kurudi hakiwezi, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi. "Uhamisho ukishatekelezwa haurudishwi. Ila Mungu ni mwema. Ninayo nafasi moja imekaa wazi muda mrefu." Akageuka. "Mzee Ngwali! Wageni wanataka maji ya kunawa. Nenda kamfunge mkokoteni punda mpya, uende mtoni."

Watu wakapiga makofi kwa uamuzi ule. Mtu akamletea Ngwali kamba na hatamu ya Chausiku, na debe la pumba, chakula cha punda kwa mujibu wa kanuni.

"Mheshimiwa," akasema Ngwali, "lakini yule..."

"Yule nini?" akauliza Mkurugenzi.

Waziri aliacha mkono wake hewani. Walinzi wakageuka. Watoto wa Mwalimu Tumu wakamtazama mtaalamu wao wa simba, wakingojea kujifunza. Bi Mize alijifunika mdomo kwa khanga yenye maharusi. Ngwali akatazama kizimba. Upande wa nyuma Chausiku alikuwa ametulia, kichwa kimelala, mtoto amerudi kunyonya na mkia unachezacheza. Upande wa mbele yule mwingine alikuwa amelala kifudifudi karibu na kijimlango cha mhudumu, hakukiondolea macho.

"Yule hajazoea kamba," akasema Ngwali.

"Atazoea," akasema Mkurugenzi, akanawa kwa soda. "Wote huzoea."

Ngwali akaweka hatamu begani, akashika debe la pumba kwa mkono mmoja na ufunguo kwa mwingine, akaenda. Nyuma yake ngoma zikaanza tena. Alipokifikia kijimlango, simba akasimama.